Vidole Vilivyobaki Begani

Sogeeni karibu. Walio mbele wakae chini ili wa nyuma nao wasikie, na mwenye simu ainyamazishe. Hadithi hii ina swali mwishoni na jibu lake mimi sina, kwa hiyo asije mtu kesho kunigongea mlango kunidai.

Walikuwapo wanafunzi watatu katika shule ya sekondari ya mji mdogo wa Kwemagome, na kila mmoja alikuwa na chake. Mhina alikuwa na mkono. Siwatu alikuwa na jicho. Chausiku alikuwa na mdomo.

Vipawa hivyo vilijulikana katika darasa la kuhariri picha kwa kompyuta. Mwalimu wao, Mwalimu Nzowa, hakuwa mtu wa kuandika ubaoni. Kila alichotaka wajifunze alikigeuza kuwa kazi ya kubuni. Kazi ya kwanza ilikuwa hii: kila mtu ajiweke mahali ambapo hajawahi kufika. Wengine walijiweka mwezini, wengine bungeni. Mhina alijiweka juu ya paa la nyumba yao, ameketi na kuku wa jirani, na mama yake alipoiona picha akamtafutia fimbo kwa kosa la kubonyeza mabati. Huo ndio mkono wa Mhina.

Kazi ya pili, kila mwanafunzi aingize kitu cha uongo katika picha ya soko, na wenzake wakitafute. Siwatu aliviona vyote. Mbuzi huyu kivuli chake kimeangukia kushoto na cha wenzake kulia. Mama huyu wa nyanya amewekwa mara mbili, na mara zote mbili inzi yuko shavu lilelile. Jicho la Siwatu halikukosea hata mara moja. Shida yake ilikuwa ulimi, kwa sababu aliweza kuona jambo Jumatatu akalisema Ijumaa.

Kazi ya tatu, kila mtu asimame aieleze picha yake. Picha za Chausiku zilikuwa mbaya, watu vichwa vikubwa na shingo hawana. Lakini akisimama kuzieleza, darasa zima lilianza kuona kitu ambacho hakikuwapo, na mwalimu mwenyewe alijikuta ameshamwongezea alama. Kumnyamazisha Chausiku ilikuwa kazi ya watu wazima wawili au watatu.

Sasa mjue mwenye hadithi. Karibu na stendi kuna mashine ya kusaga, na mwenye mashine ni Bi Mwanamvua. Mnamjua kwa sauti kabla hamjamwona. Kidole chake kidogo cha mkono wa kulia kimepinda kwenda nje, alikivunja zamani akidaka mpira, kwa sababu Bi Mwanamvua alipokuwa msichana alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa pete ya shule hiyohiyo.

Wasichana saba walikwenda wakashinda kombe la mkoa. Wakapigwa picha uwanjani wamepanga mstari, kombe liko chini kwenye nyasi, na Mwanamvua ameweka mkono begani kwa rafiki yake Sauda. Siku hiyo mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Kilua, alitangaza kwamba kombe litazunguka. Kila mchezaji atakaa nalo kwao kwa muda, wazazi walione, kisha alipeleke kwa mwenzake. Na lianzie kwake yeye mwenyekiti, kwa heshima. Likaanzia kwake, na hapohapo likaishia. Miezi ikapita, kombe liko sebuleni kwa Mzee Kilua juu ya redio, limetiwa maua ya plastiki.

Mwanamvua akaenda kulidai. Akaambiwa wasichana hawana mahali pa kulitunza. Akasema haya, akatoa yale maua ya plastiki akayaweka mezani kwa adabu, akalichukua kombe akatoka nalo mchana kweupe. Shikeni neno hilo, mchana kweupe, maana baadaye walisema aliiba usiku.

Alifukuzwa shule. Nyumba yao ikapekuliwa hadi jikoni, kombe halikuonekana. Kisha mtu fulani akachukua wembe, akaiteremsha picha ya timu ukutani ofisini, akamkwangua Mwanamvua kuanzia nywele hadi viatu, kisha akairudisha ukutani. Nakala ilikuwa hiyo moja. Tangu hapo shule ikasimulia kwamba ilikuwa na wachezaji sita hodari na wa saba wa kuazima, ambaye siku ya picha hakuwapo. Sauda alipata kazi ya ukarani hapo shuleni, akanyamaza na mkate wake.

Kufukuzwa hakukumuuma Bi Mwanamvua sana. Alifukuzwa kwa jambo alilolifanya, na angelifanya tena. Kilichomuuma ni kuambiwa hakuwapo. Kila alipopita shuleni kupeleka unga wa uji alikiona kile kipande cheupe katikati ya mstari, na kila mara alirudi kwenye mashine akiwa na hasira mpya. Na kombe? Kombe alikuwa nalo. Alilitumia kuchotea pumba za kuku. Limejaa unga nje na ndani, watu wakilitazama kila siku bila kulijua, na walioipekua nyumba nzima waliwahi kuja kusaga mahindi yao na wakachotewa pumba kwa kombe hilohilo.

Basi shule ikatimiza miaka hamsini. Ukumbi mpya ukajengwa, ukapewa jina la Mzee Kilua, na Mzee Kilua mwenyewe, mkongojo mkononi, akaalikwa kuwa mgeni rasmi. Mkuu wa shule, Mwalimu Kiluvia, akaipeleka ile picha darasani kwa Mwalimu Nzowa.

"Hii ndiyo kazi yenu ya mwisho," akawaambia wanafunzi. "Tunaikuza, tunaitundika ukumbini, mgeni rasmi aifunue. Lakini ina kidonda hapo katikati. Kijazeni. Wekeni nyasi, wekeni nguzo ya goli, sijali. Nataka wasichana sita waliosimama vizuri."

Kazi akapewa Mhina. Na kwa kuwa mwishoni nitawataka muamue, siwezi kuwaficha: aliyemfuta Bi Mwanamvua mara ya pili ni Mhina. Alichukua chombo kile kinachoitwa muhuri, kinachonakili kipande cha picha na kukigonga mahali pengine, akagonga nyasi juu ya nyasi, wingu juu ya wingu, hadi palipokuwa na mtu pakawa uwanja mtupu. Wembe uliacha kidonda, na kidonda angalau kinasema kuna mtu aliumizwa. Mhina alikifuta hata kidonda. Mkuu akampa mkono mbele ya darasa.

Siwatu akaitazama picha ile, akaona. Begani kwa Sauda kulikuwa na vidole vinne. Aliyeshika wembe alikwangua mwili, akaviacha vidole ili asiiharibu blauzi ya Sauda, na Mhina naye akavisahau, akadhani ni mikunjo. Mikono ya wasichana wote sita ilionekana mahali pake. Vidole vile havikuwa vya mtu yeyote, na cha mwisho kilikuwa kimepinda. Siwatu akaona, akafunga mdomo, kama kawaida yake.

Hadi siku alipotumwa kusaga. Bi Mwanamvua alikuwa akishika mdomo wa gunia alipohisi anatazamwa. Binti yule alitazama mkono wake, kisha akatazama kile cha kuchotea pumba, kisha akatazama chini haraka.

"Unatazama nini?"

"Kidole, bibi."

"Kwenu hakuna vidole?"

"Vipo, bibi. Lakini hiki nimekiona shuleni. Kiko begani kwa mtu."

Bi Mwanamvua akazima mashine. Watu wa foleni wakaanza kunung'unika, akawaambia wenye haraka wakasage kwa meno. Akamketisha Siwatu juu ya gunia, akamsikiliza, na binti alipofika kwenye habari ya nyasi na mawingu yaliyotandazwa mahali pake, Bi Mwanamvua akaketi na yeye. Kwa miaka yote ile alijiambia kwamba siku moja mtu atauliza kile kipande cheupe kilikuwa cha nani. Sasa hata cheupe hakipo.

"Na hicho cha kuchotea pumba," Siwatu akasema polepole, "kina masikio mawili."

"Umekiona?"

"Nimekiona."

"Basi kione, na ukae nacho moyoni."

Siwatu hakuweza kukaa na yote mawili. Akawaambia wenzake wawili. Chausiku alisimama palepale akamkabili Mhina.

"Mhina, umemfuta mtu aliye hai. Jana amenisagia mtama."

"Nilipewa kazi," Mhina akasema.

"Na leo unapewa nyingine."

Wakaenda watatu kwenye mashine. Mwanzoni Bi Mwanamvua hakutaka hata kumtazama yule kijana. Mhina akamwamkia, akasimama mbele yake na mikono nyuma, akasema, "Bibi, ni mimi niliyeweka nyasi. Nitazing'oa." Hakuongeza neno, na kwa kuwa hakuongeza, Bi Mwanamvua akamvutia kigoda.

Mwili ulikuwa mwepesi. Mhina alichukua mabega kwa huyu, sketi kwa yule, viatu kwa mwingine, akavipanga tabaka juu ya tabaka hadi mkono ule wenye kidole kilichopinda ukapata mwenyewe. Uso ndio uliomshinda. Alichapa jaribio la kwanza akamletea.

"Nani huyu?" Bi Mwanamvua akauliza.

"Wewe, bibi."

"Huyu ni Sauda mwenye nywele zangu. Umenipa uso wa mtu aliyenyamaza. Peleka."

Mhina akampiga picha kwa simu, akaondoa makunyanzi, akaondoa kovu la kipajini, akalainisha mashavu, akaleta tena. Bi Mwanamvua akaisogeza mwangani.

"Na huyu anatangaza sabuni. Hajawahi kufukuzwa mahali, hajawahi kubeba gunia. Mimi simjui."

"Sura yako ya usichana haipo popote, bibi," Mhina akasema, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. "Sina pa kuinakili."

Bi Mwanamvua akajifuta unga usoni, kisha akabadili mawazo akaurudisha. "Nipige hivi nilivyo. Makunyanzi yake, kovu lake, unga wake. Niweke hapo katikati yao. Walimkwangua binti, sasa wakutane na bibi."

Hapo mkono wa Mhina ulifanya kazi ambayo mwenyewe hakujua anaiweza. Aliugeuza mwanga wa uso ule utoke upande uliotoka jua la jioni ya siku ile ya zamani. Akaupa chenga zilezile za filamu ya zamani, weusi uleule uliofifia. Alipomaliza, mama mwenye mvi alikuwa amesimama katika mstari wa wasichana, sketi ya shule mwilini, mkono begani kwa Sauda, na jicho halikukwaa popote. Mwalimu Nzowa alipita nyuma ya kompyuta, akaiona, akasimama kidogo. Akasema anakwenda kunywa chai, na hakurudi hadi faili lilipokwisha kwenda Tanga kuchapwa. Picha ikarudi imefungwa, na kwa kuwa Mkuu alikwisha kuisifu ile ya nyasi, hakuona haja ya kuifungua.

Siku ikafika. Mwenye kipaza sauti alikuwa nani, kama si Chausiku? Shule nzima haikuwa na mshereheshaji mwingine. Bi Mwanamvua alisimama nyuma kabisa, mlangoni, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu, chini ya kanga, alikuwa na kombe. Hakujua kwa nini amekuja nalo wala atalifanyia nini, na mara mbili aligeuka ili aondoke.

Mzee Kilua akavuta kitambaa. Mzee yule akabaki ameshika kitambaa, ametazamana na mtu aliyedhani hayupo. Mkuu wa shule akanyanyuka, akamwashiria Chausiku aendelee na ratiba, waimbe kwaya.

Chausiku akaendelea, lakini na ratiba yake. Akaanza kuita timu ile ya zamani iliyoalikwa, kama inavyoitwa uwanjani kabla ya mchezo, kila mchezaji kwa jina na nafasi yake. Aliyeitwa alisimama huko aliko, na wengine walikuwa wanatembea kwa kusaidiwa. Alipomwita Sauda, karani mstaafu, alisimama taratibu, akaweka mkono begani kwake mwenyewe. Kipaza sauti kikakatika. Mkuu alikuwa amechomoa waya. Chausiku akakiweka chini, akavuta pumzi.

"Na mlinda goli, nahodha wa timu," akasema kwa sauti yake mwenyewe, ikafika mlangoni bila shida, "Mwanamvua Shemhilu. Alikuwapo. Na kombe analo."

Hilo la kombe hakuna aliyempa ruhusa kulisema. Aliambiwa liwe siri. Bi Mwanamvua alisikia damu ikimpanda, kwa hasira kwanza, halafu kwa kitu kingine. Watu wote walikuwa wamegeuka wanamtazama. Akatoa kanga, akatoa kombe, na unga ulikuwa bado kwenye masikio yake. Akapita katikati ya ukumbi. Mzee Kilua, kwa mazoea ya mgeni rasmi, akanyoosha mikono miwili kupokea. Bi Mwanamvua akampita, akaenda kusimama chini ya picha.

"Mkono huo ulikuwa na jasho," Sauda akasema kutoka alipokuwa, akilia waziwazi. "Naukumbuka. Nisamehe, Mwanamvua."

"Nitakusamehe baadaye," Bi Mwanamvua akasema. "Leo nina kazi." Akawageukia watu. "Niliambiwa kombe hili litazunguka, nikaona lilivyozunguka. Sasa nalitoa mimi. Nampa mmoja aliyenirudisha hapa, na akishalipokea ni lake. Haligawanywi, halizunguki."

Picha haikuteremshwa. Wachezaji wale waliketi kwenye sakafu chini yake hadi wageni wote wakaondoka, na hakuna mlinzi aliyetaka kuwa wa kwanza kumgusa mama mtu mzima. Lakini Mkuu alisimama mbele ya mstari wa wanafunzi asubuhi iliyofuata akatangaza kwamba kombe ni mali ya shule, na mwanafunzi atakayelipokea asilirudishe ofisini atafukuzwa, kama alivyofukuzwa mwizi wa kwanza.

Mnadhani waliogopa? Walikuja mashineni wote watatu, kila mmoja analitaka zaidi ya jana. Bi Mwanamvua akazima mashine kwa mara ya pili, akawaambia, "Mmesikia alichosema Mkuu wenu. Simpi mtu zawadi. Nampa ugomvi wangu. Semeni."

"Mimi ndiye niliyekuona," Siwatu akasema. "Watu walipita mbele ya picha ile miaka yote, mwalimu, Mkuu, na Mhina aliyeigusa kwa mkono wake. Bila mimi ungekuwa nyasi hadi leo."

"Uliona ukakaa kimya," Bi Mwanamvua akasema. "Nisingekuwa na mashine ungesema lini?"

Siwatu akainama. "Nilichelewa, bibi. Lakini la kombe nililiona pia, na kwa mtu wa nje sikulisema."

Mhina akasema, "Kuona kulikuwa na maana gani bila uso? Nimekutengeneza nywele kwa nywele. Faili nililibadili mimi, kazi yangu ya mwisho imepewa sifuri, na nilijua itapewa. Nilikufuta, ndiyo. Ndiyo maana najua uzito wa kukurudisha kuliko hawa."

"Lakini anayebomoa nyumba ya mtu akaijenga tena, tumwite fundi au mdeni?" Bi Mwanamvua akamuuliza.

Chausiku alikuwa amengoja zamu yake kwa shida. "Picha haisemi, bibi. Wangesema ni mzaha wa wanafunzi, wangeifunika, wangekula wali. Mimi nimesema jina lako mbele ya mtu aliyelifuta, waya umechomolewa nikasema bila kipaza sauti. Nimesimamishwa masomo, na nimekuja hapa na sare yangu."

"Na siri yangu?"

"Ningeinyamazia, ungeingia?"

 Bi Mwanamvua alijua alikuwa amekwisha kugeuka mlangoni.

Kombe liko pale juu ya mashine, limeoshwa, linang'aa hadi kuku wanaliogopa. Bi Mwanamvua anachotea pumba kwa kopo la plastiki lililopasuka, na analisema kopo hilo vibaya mchana kutwa. Kila jioni analichukua kombe, anataja jina moja kati ya matatu, anatembea nalo hadi mlangoni. Kisha anakumbuka majina mawili yaliyobaki, anarudi.

Sasa ni zamu yenu. Yupo aliyeona akachelewa kusema, yupo aliyefuta akarudisha, na yupo aliyesema hata alichokatazwa. Ungemwondoa mmoja wao, mama yule angebaki nje ya picha. Na atakayelichukua kombe analichukua pamoja na lango la shule kufungwa nyuma yake. Msiniambie waligawane, wala msithubutu kuniambia lizunguke.

Haya, wewe uliyekunja miguu hapo mbele, unayejifanya hukusikia. Kombe hili hapa mikononi mwako, na watatu wamesimama mlangoni. Unamkabidhi nani?